Jiwe Linasema Mdogo Wangu Hakujua Woga

Mpendwa Nna Malha, bibi unayewashauri watu kwa barua, nakuandikia nikiwa nimejifungia darasani wakati wanafunzi wamekwenda kula, maana nyumbani jambo hili siwezi kuliandika, na nakuomba unishike mkono kabla ya Ijumaa.

Naitwa Djouher, ni mwalimu, nina miaka arobaini na mitatu, natoka kijiji kimoja cha milimani huku kwetu Kabylie, na mdogo wangu Meziane alikuwa askari wa zimamoto, akafa Agosti mwaka juzi pale kona ya juu ya barabara ya mlimani, msitu ukiwaka na upepo ulipogeuka, baada ya kuwapakia garini wazee wawili waliokuwa wamegoma kuiacha mizeituni yao, akamwamuru dereva ashuke nao upesi, yeye akabaki na mpira wa maji aliouunganisha kwenye tangi la kijiji, akauzuia moto usivuke barabara mpaka gari lipite, na lilipita, na wale wazee wako hai mpaka leo na humletea mama tini.

Kijiji kimemjengea chemchemi ya kumkumbuka, kila Ijumaa wanaume wamebeba mawe na wanawake wamepika kuskusi, hata waliohamia Ufaransa walirudi kiangazi wakashika koleo, na sisi tunaogombana hata kwa sababu ya kuku sijawahi kutuona tukifanya kazi kwa amani namna ile, nami kila nikipita pale moyo wangu unajaa. Kwenye jiwe lake, chini ya sura ya Meziane, wamechonga maneno, "Hakujua woga", nayo yalitoka kwa mama, ambaye huyarudia kwa kila mgeni kama vile ndiyo yanayomsimamisha.

Sasa Nna Malha, mdogo wangu aliujua woga. Kila simu ya kituo ilipolia alikwenda nyuma ya nyumba akatapika, mikono ikamtetemeka hata asiweze kufunga kamba za viatu, nikawa mimi ndiye ninayemfungia, miaka kumi na moja, na aliniapisha nisimwambie mama asije akamkataza kazi. Siku ile ya mwisho joto lilikuwa limenichosha, nikamwambia, "Mwanaume mzima unatapika kama mjamzito, si uiache tu hiyo kazi?" Akajifuta mdomo, akacheka. "Nikimaliza kutapika nitakwenda, dada. Funga upesi." Nikamfungia, akaenda, na kejeli ile ndiyo niliyomuaga nayo.

Ningekaa nayo kimya mpaka kaburini kama si Hocine, yule dereva, ambaye tangu siku ile hajavaa sare, anashinda mkahawani akipanga domino peke yake, na wapo wanaopita wakisema kwa sauti kwamba aliyekimbia na gari ndiye anayekunywa kahawa. Kila Ijumaa alikuja kuchanganya saruji bila kusema neno. Jiwe lilipoletwa alilisoma, akaweka mwiko chini, akanisogelea. "Mimi nilijikojolea siku ile, Djouher. Mtu wa aina yangu hana haki ya kuvaa nguo alizovaa yeye. Barua ya kuacha kazi nimeshaandika, Jumapili naipeleka."

Nilimwokotea mwiko wake, nikamrudishia, nikaenda zangu. Kamati ya ujenzi imenitaka nizungumze Ijumaa hii tukizindua chemchemi, na nikisema ninayoyajua nitakuwa nimevunja kiapo na kumnyang'anya mama kitu pekee alichobaki nacho, na nikinyamaza namuona Hocine akizama mbele ya macho yangu. Nifanye nini?

Djouher, mwalimu asiyelala

—

Djouher binti yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikilia, ya pili nikikukasirikia.

Nimekukasirikia kwa sababu mtu amesimama mbele yako akakufunulia aibu yake yote, nawe dawa yake ulikuwa nayo mdomoni, ukaimeza. Kiapo, unasema. Kiapo gani? Uliapa ili mama asimzuie kwenda kazini. Amekwenda, amefanya kazi yake mpaka mwisho, na hakuna tena wa kumzuia. Unachokilinda sasa ni ile kejeli yako, unaogopa watu wakijua alivyotetemeka watajua pia kwamba ulimcheka. Basi ulimcheka, na ulimfungia viatu miaka kumi na moja. Naye alicheka pia, umeandika mwenyewe. Huyo hakuondoka na kinyongo, kwa hiyo acha kumtungia kinyongo.

Na wewe hujaona ni mtu wa namna gani uliyekuwa naye nyumbani. Mimi niliposikia habari zake nilidhani, kama kijiji chenu, kwamba Meziane aliumbwa tofauti na sisi. Kumbe alikuwa na tumbo la woga kama langu, na bado akapanda mlima ule miaka yote hiyo. Namheshimu leo kuliko nilivyomheshimu jana.

Sasa nenda ukafanye hivi. Leo jioni usiende kwa kamati wala kwa mchonga mawe. Nenda kwa Hocine, umtoe mkahawani, umweleze yote, kutapika na kamba za viatu, asije akayasikia kwanza katikati ya umati. Mwambie pia kwamba aliondoka kwa amri, na kwamba wazee wawili wanaoleta tini kwenu walishushwa na mikono yake.

Kesho asubuhi mama akikanda unga kaa naye umwambie. Atakasirika, atakutukana, huenda asile. Vumilia. Inawezekana anajua, maana ni nadra mama asisikie mwanawe akitapika nyuma ya nyumba. Akisema jiwe libaki lilivyo, libaki. Jiwe ni lake. Lakini mdomo ni wako, na Ijumaa utausema ukweli mbele ya wote, na wale wenye maneno ya kahawa wawe mstari wa mbele.

Kuhusu barua ya Hocine, mwombe aiweke sandukuni mpaka kiangazi kipite. Mwambie kwamba Nna Malha anaishi peke yake chini ya msitu wa misonobari, magoti yake hayashuki tena mlima, na siku atakapoona moshi anataka aje yeye, mtu anayeujua moto kiasi cha kuuogopa.