Magauni ya Salfeti Yaliyokatwa Rwamgasa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kosa linalochunguzwa: Kuharibu mali na kujeruhi
Jina: Bhoke Nyamhanga Wambura
Umri: Miaka 44
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Rwamgasa, Geita
Tarehe na saa: 15 Agosti 2024, saa 3:20 asubuhi
Mbele ya: Koplo Marcel

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Sawa. Mwongo katika jambo hili hajakaa kwenye benchi hili.

Nashona nguo Rwamgasa mwaka wa kumi na moja sasa. Mwezi Mei mwaka huu nilianza kuandaa onesho la mavazi nikisaidiana na Rebeka, mke wa mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wanamitindo wetu ni wanawake sita wanaoponda mawe pale pale kwenye karasha. Watu walicheka sana. Mmoja aliniuliza, "Na magaga yale miguuni watapanda jukwaani?" Nikamjibu kwamba magaga hayo ndiyo yanayomlisha. Kibali cha ofisi ya kata ninacho, kopi nimekukabidhi. Onesho ni Jumamosi tarehe 17 Agosti, saa tisa alasiri, uwanja wa mnada.

Magauni nimeyashona kwa salfeti, ile mifuko ya plastiki ya kubebea mawe. Kila mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, hupaka alama yake ya rangi kwenye salfeti zake ili mawe yasichanganyike na ya mwenzake. Zikichakaa hutupwa nyuma ya karasha, na Rebeka ndiye aliyeniruhusu kuziokota. Nilizifua, nikazipasua, nikaziwekea bitana ya pamba zisichome mwili. Alama nyingi nilizificha ndani ya mshono. Ya Bartholomeo, mwenye duara la kule juu kilimani, sikuificha kwa sababu ni nzuri, jicho la buluu. Niliiweka katikati ya mgongo wa gauni la Noela, mmoja wa wale wanawake sita. Sikumuuliza mwenyewe. Hapo mnaweza kunilaumu, ila sijui nani huomba ruhusa ya takataka iliyokwisha kutupwa.

Mnamo tarehe 14 Agosti, majira ya saa kumi jioni, tulikuwa uani kwangu tukifanya mazoezi ya mwisho. Tulikuwa tumepanga mbao chini ziwe jukwaa. Nilimpanga Noela afungue onesho, maana wenzake wote walikuwa wakitembea huku wanaangalia chini, yeye hapana.

Bartholomeo aliingia bila hodi, ana kisu mkononi. Nilimwamkia, akanipita. Akasema, "Mwamba wangu umekata, wiki ya tatu hii sioni dhahabu. Mganga kaniambia nyota yangu inavaliwa na mwanamke. Kumbe ni huyu!" Akamwamuru Noela avue gauni pale pale. Noela akamjibu, "Baba Nelly, sivui mbele za watu. Na subiri kwanza nimalize kutembea." Jamani! Hata mimi nilishtuka.

Alimshika bega, akalichana gauni toka shingoni hadi kiunoni. Kisu kilimpata Noela mgongoni, jeraha urefu wa kidole. PF3 ya matibabu anayo. Kisha Bartholomeo akaigeukia kamba ya nguo, akakata magauni mengine mawili. Nilimng'ata mkono mpaka akaachia kisu. Andika hivyo hivyo, afande, usiniandikie "nilimzuia". Nilimng'ata. Wakati huo Noela ameshika gauni kifuani kwa mikono miwili, akatembea mpaka mwisho wa mbao, akageuka, akarudi. Hakuna aliyepiga makofi. Rebeka alikuwa analia.

Saa kumi na mbili jioni alikuja mwenyekiti wa kitongoji. Akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, yaishe. Mrudishie jicho lake, toa na kuku mweusi, onesho liahirishwe." Nikamwambia kuku wangu ni wa mayai. Lakini baada ya hapo wanawake wawili walijitoa kwa hofu. Siwalaumu, waume zao wanashuka kwenye duara la huyo huyo Bartholomeo. Wamebaki wanne.

Sasa naomba na hili liandikwe. Noela amebeba salfeti hizo miaka miwili, jicho likiwa juu ya utosi wake, na mawe ndani. Hakuna mganga aliyesema amebeba nyota ya mtu. Siku alipolivaa akapendeza ndiyo nyota imeibwa? Hapana. Inaniuma, afande, inaniuma kuliko hayo magauni.

Umenishauri niahirishe mpaka hali itulie. Nimekusikia. Hali ya Rwamgasa sijaiona ikitulia tangu nifike. Jana kabla jua halijazama nilipita kwa Noela kumwambia nitampa gauni jingine. Alikataa, anataka lile lile. Leo alfajiri nimelishona kwa uzi mweupe, mshono uonekane mpaka nyuma ya uwanja. Wakibaki wanne, tutatembea na wanne. Akibaki mmoja, huyo huyo. Na huyo naye akiogopa, nitapanda mimi na unene wangu huu.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, nimeyaelewa, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: B. N. Wambura

Maelezo ya ofisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Marcel, na yamekamilika saa 4:35 asubuhi. Shahidi alitakiwa kuacha kituoni gauni moja (1) la salfeti lenye alama ya jicho, liwe kielelezo. Amekataa, akieleza kuwa lina kazi Jumamosi. Limepigwa picha mbele na nyuma, akarudishiwa. Ataliwasilisha Jumatatu.