Historia ya Klabu ya Mpira wa Yai, Iftin

Abti, mjomba wangu Abdimalik wa Melbourne,

Assalamu alaykum. Hili sijamwambia mtu. Uliomba historia ya klabu yetu, uibandike ukutani kwenye klabu yenu huko. Vijana walipoanza kucheza na mpira uliotuma, ule wa umbo la yai, watu walicheka: "Huo umekaliwa na ngamia!" Mimi nilikuwa karani tu. Siku ya mwisho ya klabu niliomba niupige mara moja. Ukadunda kombo, ukaingia mto Tana. Nikamwambia mdogo wangu Nuh aufuate. Mamba akamchukua.

Hooyo, mama yangu na dada yako, alikuwa amemtuma mtoni kuchota maji, kwa hiyo anajilaumu kila siku, nami nimenyamaza.

Nasikia hatua zake mlangoni. Barua tatu nilizokuandikia kabla ya hii nilizificha chini ya godoro. Hii siifichi. Nitamsomea kwa Kisomali.

Mpwa wako,
Kinsi