Mti wa Mgeni Rasmi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, na Mama anakula vizuri, ingawa bado ananituhumu kwamba namfichia sukari.

Ile bustani ya umma imefunguliwa. Ndiyo, pale pale kwenye chemchemi yetu, yule mzee alipotufukuza, Mama akiwa na ndoo kichwani, kisha mzee huyo akatandaza mabomba na mji mzima ukamwita Mwasisi, eti ndiye aliyeleta maji. Sasa amesimamishwa katikati, sanamu ya shaba, kifua mbele. Nami ndiye ninayefagia miguuni pake. Ulinikataza nisiombe kazi ya kutunza bustani pale. Niliiomba kwa makusudi.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alikuwa mwanawe, na kama ilivyo ada ya wageni rasmi, ilibidi apande mti wa kumbukumbu. Kutafuta mche na kuchimba shimo ni kazi yangu. Msimamizi aliniuliza ni mti gani, nikamjibu ni wa mapambo tu, hauzidi kimo cha mtu. Mwana wa Mwasisi akaupanda, akapigwa picha, akahutubia mpaka jua likatuchoma utosi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilisimama na ndoo yangu, nikicheka kimoyomoyo.

Sasa nikutobolee siri, na usimwambie hata shemeji. Ule mche ni mkuyu. Nimeuweka karibu kabisa na sanamu, juu ya bomba kuu. Unaujua mkuyu kwa kutafuta maji: mizizi italifuata bomba, italipasua, kisha itainua lile jukwaa la saruji pamoja na bwana wake. Na nani atathubutu kuukata, wakati una kibao chenye jina la mwanawe? Huenda nitakuwa nimeshakufa siku atakapoanguka kifudifudi. Watoto wako watakuwapo, wamtazame kwa niaba yangu.

Sijutii hata chembe. Jana nilimweleza Mama. Nikajua nimeyatafuta. Akaniuliza tu kama naumwagilia vizuri.

Nikamwambia kila asubuhi.

Msalimie shemeji, na watoto uwakumbatie mmoja mmoja. Nawe lipumzishe hilo goti.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba