Siku Tuliyomjibia Valère

Acocks Green,
Birmingham.
Ijumaa, 20 Oktoba 2006.

Mpendwa kaka Shem,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku. Hamjambo hapo Wundanyi? Sisi tu wazima, ila mgongo wangu unanikumbusha kila asubuhi kwamba kazi ya kuwainua wazee vitandani si ya mtu wa miaka arobaini na sita. Goti la Mama linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Fiona wa kanisani alete alipokuja likizo, anaitumia, au ameiweka kabatini pamoja na nyingine zote? Namjua. Na mvua za vuli zimeanza, au bado mnatazama mawingu tu?

Najua hujatulia tangu Jumapili. Mwanao Eric alikupigia akasema anaacha chuo arudi nyumbani, ukamuuliza sababu akanyamaza. Ukanipigia mimi mara mbili, nami nikakujibu kwamba nitakuandikia. Nisamehe. Jambo hili si la simu, ambayo hukatika pale pale mtu anapoanza kuelewa. Keti, soma mpaka mwisho, na usimkatie tikiti ya ndege kabla hujamaliza.

Kwanza, haumwi, hajafukuzwa, wala hajampa mtoto wa watu mimba. Amefungwa mabao sita.

Umecheka, nimekusikia. Wewe mwenyewe ukiwa golini, walimu wa Voi walikufunga saba, na jioni yake ukala ugali sahani mbili. Lakini subiri.

Unajua timu ya chuo chao imejaa vijana wa Kenya na wa Kongo, na wanacheza Jumatano mchana. Sisi wa kanisani tumeifanya timu yetu. Mimi nafanya zamu za usiku, kwa hiyo Jumatano naiba saa mbili tatu za usingizi na kwenda kupiga kelele. Wakongo huleta ngoma, sisi Wakenya huleta chai kwenye chupa na ushauri ambao kocha hakuuomba.

Kiongozi wetu ni Mama Jeanne, mwanamke wa Bukavu anayefanya usafi ofisini asubuhi. Yeye kama sisi, hataki watu wahesabiwe kama mbuzi. Basi kabla ya mechi haulizi wachezaji ni wangapi. Anafungua daftari lake na kuwaita mmoja mmoja kwa jina. Mchezaji anainua mkono uwanjani, nasi pembeni tunamjibia. Wakenya tunasema yuko, Wakongo wanasema iko, ngoma inapigwa, anaitwa mwingine. Tumefanya hivyo miaka mitatu. Midomo yetu imezoea, haimsubiri mtu afikiri.

Mshambuliaji wao alikuwa Valère, mtoto wa Sylvie anayekaa Nechells. Kijana mrefu, mpole, akitaka pasi hapigi kelele, anapiga makofi mawili tu. Mwezi wa tano alianguka kwenye ngazi za chuo na moyo ukasimama. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Tulimzika hapa hapa Birmingham, na tangu siku hiyo mama yake hakukanyaga uwanjani.

Jumatano ya tarehe kumi na moja, mechi ya kwanza ya msimu, Sylvie akaja. Hakuna aliyemwita. Alivaa koti jeusi na kusimama kando yangu. Nilimmiminia chai, akaishika bila kuinywa. Kulikuwa na ukungu kama wetu wa huko Wundanyi, ule unaoficha shamba la jirani na kukuachia lako. Goli la mbali tuliliona kama mchoro wa penseli uliofutwa.

Mama Jeanne akafungua daftari. Manyunyu yalikuwa yamegandisha kurasa, naye akafungua ukurasa wa mwaka jana bila kujua. Akaita Eric. Yuko. Akaita Ruben. Yuko. Akaenda hivyo hivyo, ngoma ikimfuata, na majina mengi yalikuwa yale yale, hata hatukushtuka. Kisha akaita Valère.

Tukajibu yuko, kaka. Watu thelathini, kwa sauti moja, na sauti yangu ilikuwemo.

Ngoma ilipigwa pigo moja ikanyamaza. Uwanjani vijana walisimama kama waliomwagiwa maji baridi. Mama Jeanne aliweka mkono mdomoni. Nikamgeukia Sylvie nikitafuta la kumwambia, nikakuta hanitazami. Anatazama kule kwenye ukungu, na uso wake umefunguka kabisa, kama mtu aliyesikia hodi aliyoingojea. Refa hajui Kiswahili, akapuliza kipenga.

Sasa nikueleze nilichoona kwa macho yangu, halafu alichoona mwanao. Ruben ndiye anayegawa mipira pale katikati. Mara ya kwanza alipiga pasi nzuri upande wa kushoto mbele, ambako hapakuwa na mtu, mpira ukatoka nje. Nikasema ameteleza. Mara ya pili pale pale. Mara ya tatu kocha wao, Mhindi mmoja mwungwana anayeitwa Gurnam, alimuuliza kwa ukali anampasia nani. Ruben akasema amesikia mtu akiomba mpira kwa makofi. Alisema hivyo mara hiyo moja tu, lakini pasi ziliendelea kwenda kule kule.

Eric naye alisimama golini akiangalia mbele tu. Mpira unakuja, yeye anaangalia juu ya vichwa vya watu. Bao la kwanza lilimpita kana kwamba halimhusu. La sita hivyo hivyo. Sita kwa nunge.

Kocha Gurnam alituambia mechi moja ya Oktoba si msiba, zimebaki tisa, twende nyumbani tukaoge. Maneno ya mtu mwenye akili, na mimi niliyashika. Kwenye gari nikaanza kumtania Eric kwamba ugonjwa wa kufungwa ni wa ukoo. Hakucheka. Tulipofika kwenye taa za barabarani za Kings Heath, watu wakivuka na mifuko yao ya sokoni, ndipo aliposema.

"Auntie, niliwahesabu. Mara tatu. Kila nikihesabu tulikuwa twelve na mimi. Huyo mmoja alikuwa amesimama huko mbele, ametupa mgongo, na hakuwahi turn around. Nilikuwa nangoja ageuke."

Nilimwambia ni ukungu. Nilimwambia ni macho ya mtu asiyekula asubuhi. Nilisema mengi, Shem. Akaniambia hatasimama golini tena, kwa sababu anaogopa siku huyo mtu akigeuka. Kufika Ijumaa haendi hata darasani. Anasema uwanja unaonekana kutoka dirisha la darasa. Jumapili ndiyo akakupigia wewe.

Siku hiyo hiyo baada ya ibada tulikutana mashabiki wote, na tungekuwa na busara tungezungumza mpira. Kumbe wapi. Mmoja anataka milingoti ya goli ipakwe mafuta ya upako, mwingine anataka tuache kuita majina kabisa, mwingine anasema timu imeingiliwa na tusiende tena. Mama Jeanne alilia akataka daftari lichomwe. Niliwakasirikia. Niliwaambia timu zinafungwa dunia nzima kila wiki bila msaada wa marehemu. Nilisema vizuri, lakini nilikuwa najua kwamba hata mimi sijalala vizuri, na mtoto wa kaka yangu amejifunika blanketi nyumbani kwangu.

Jumatatu nikaenda Nechells kumwomba Sylvie radhi. Anakaa ghorofani, dirisha lake linatazama mabohari. Alinifungulia kabla sijabisha, kisha akachungulia nyuma yangu kwenye ngazi kidogo kabla ya kufunga. Mlangoni kulikuwa na viatu vya mpira vya Valère juu ya gazeti, vimeoshwa, kamba mpya, ncha zimeelekea nje. Mezani kulikuwa na vikombe viwili. Nilikaa kwenye kiti, akaniomba kwa upole nihamie kile kingine.

Nilipomwomba msamaha alisema hakuna kosa. Akauliza habari za Eric, maana alikuwa akija kwao kula wali na sombe, kisamvu cha Wakongo, pamoja na mwanawe. Sikutaka kumwambia. Nikamwambia. Nilisema Eric amemwona mtu mbele, anamwogopa, na ataacha masomo arudi kwao. Sylvie akavitazama vile viatu mlangoni. Mwishowe akasema nimwambie Eric aje Jumatano, mara moja tu, na yeye atakuja.

Sijui nilimshawishije mwanao. Nadhani ni jina la Sylvie lililomtoa blanketini.

Juzi Jumatano ukungu ulikuwepo tena, safari hii mwembamba zaidi. Mashabiki walikuja wote, hata wale waliosema hawaji. Eric alikwenda golini akiangalia nyasi. Sylvie akamwomba Mama Jeanne daftari. Akawaita vijana kumi na mmoja, polepole, kila jina kwa lafudhi yake ya Kifaransa, nasi tukajibu, ngoma ikajibu. Akafika mwisho wa ukurasa. Akafunga daftari.

Halafu akaita, "Valère."

Hakuna aliyefungua mdomo. Nilimwona Eric ameinua kichwa. Kule mbele, upande wa kushoto, nilisikia makofi mawili. Inawezekana ilikuwa bendera ya kona ikipigwa na upepo. Nimejiambia hivyo tangu juzi, nawe ukipenda jiambie hivyo.

"Haiko," akasema Sylvie. Tena kwa nguvu zaidi, akiwa amegeukia kule kule, kwa sauti ya mama anayemtuma mtoto akalale: "Mutoto wangu haiko hapa."

Upepo ukatulia. Refa akatazama saa yake, akapuliza kipenga.

Tulifungwa tatu kwa moja. Moja kati ya hayo matatu lilimpita Eric katikati ya miguu, bao la aibu kabisa, ungelificha jina lako. Mechi ilipokwisha alikuja akikimbia kutoka golini, matope mpaka masikioni, akanikumbatia akaniambia, "Tulikuwa eleven, Auntie. Nimecheki mechi yote. Tumefungwa sisi wenyewe." Wenzake walisikia, ngoma ikaanza, na tukacheza pale kwenye matope, mimi na mgongo wangu huu. Wazungu wa timu iliyoshinda walitushangaa. Mmoja alimuuliza kocha Gurnam kama tumeelewa matokeo.

Kwa hiyo, kaka, tumeanza msimu kwa kufungwa mabao tisa katika mechi mbili, na sijawahi kuona mashabiki wenye furaha kama sisi. Mwanao alikwenda darasani jana na leo. Ana hofu bado, sitakudanganya, bado hapendi kukaa dirishani, lakini anasema anabaki. Nakuomba usimwite nyumbani. Akikupigia, muulize habari za mabao, mkaripie kama baba, mcheke. Mambo mengine yaache kwangu.

Nilimrudisha Sylvie Nechells kwa gari langu. Nilipozima injini nikamwambia ametuokoa sote, na kwamba nina hakika na yeye sasa amepata amani. Maneno ya kijinga, lakini tayari nilikuwa nimeyatoa. Akanishika mkono.

"Magdalene, ile siku mulijibu iko, mie nilifurahia. Tangu tumuzike, watu wote wanaogopa kutaja jina yake mbele yangu. Siku moja ile tu nilikuwa naye. Leo nimemufukuza, juu mutoto wa mwenzangu abakie."

Akashuka. Nilimwangalia akipanda ngazi peke yake mpaka taa yake ikawaka.

Basi nisalimie Mama, mwambie aitumie ile dawa. Nisalimie mjomba Mwadime na watoto wote, na yule jirani anayedhani ninaishi karibu na Malkia. Wifi yangu Mkawasi nimemwachia mwisho kwa makusudi. Baada ya kusoma, mpe yeye barua hii, na ile karatasi ndogo niliyoitia ndani yenye anwani ya Nechells. Amwandikie Sylvie, mama kwa mama. Asimpe pole, amepewa za kutosha. Amshukuru kwa ajili ya Eric, na katika barua hiyo amtaje Valère kwa jina lake, kila mstari akiweza.

Mungu awafunike nyote hapo milimani, awalaze salama na kuwaamsha salama.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukinikaripia,
Magdalene Mghoi