Yule Aliyevaa Kofia Yako

Kwako Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, cherehani inazunguka, na mguu wa shemeji umepona tangu alipoanguka kwenye ile ngazi aliyokuwa akitueleza kwamba ni imara. Wanao hawajambo? Na mama, lile goti lake limetulia? Mimi ni mzima, isipokuwa sehemu moja ndogo sana ambayo nitaieleza mbele, nawe tafadhali usirukie mwisho wa barua kama ulivyozoea. Nakujua.

Barua yako niliipata. Nimeisoma mara tatu, nimeishika karibu na pua kama kawaida yangu. Umenieleza kwamba ile picha yangu umeitia fremu na kuitundika chumba cha kushonea, juu ya meza ya kukatia, na kila mteja anayekuja kupimwa lazima aonyeshwe mdogo wako akiwa kazini, kofia kichwani, bendera mkononi. Kwamba mmoja aliuliza kama niliwahi kuwa askari, maana nimesimama wima kweli kweli. Kwamba shemeji anaona nimenenepa mabegani. Na kwamba mama kila asubuhi anapangusa kioo, ananisalimia, kisha anasema afadhali mtoto huyu mwishowe amejifunza kusikia. Nilipofika hapo niliikunja barua nikaitia mfukoni, sikuitoa tena kwa siku mbili.

Umeniuliza habari za kofia, habari za mafuta ya kujikinga na jua, na habari za masikio. Masikio umeyauliza peke yake na kuyapigia mstari. Nitajibu yote, ila kwa mpangilio wangu.

Kikosi chetu ni watu sita pamoja na nyapara. Tunachora mistari ya barabara. Kamba, ambaye jina lake halisi hata nyapara amelisahau, ndiye anayevuta uzi ili mstari usiende kombo. Mimi ni wa mishale na herufi. Naweka bati lililokatwa umbo la mshale juu ya lami, napiga magoti, napaka. Kuna waliosema mtu mwenye ualbino, na macho yangu haya, hataiweza kazi ya barabarani. Kumbe lami iko karibu na uso wangu kuliko ubao ulivyokuwa shuleni, na mshale wangu haupindi. Nyapara husema mtu akiifuata mishale yangu vizuri anaweza kufika mbinguni bila kuuliza njia.

Mwaka jana kampuni ilituletea maboksi mawili ya mafuta ya jua. Dada wa idara ya usalama alisema ni ya kila mtu, kwa sababu jua halina ubaguzi, lakini alipokuwa akisema kila mtu aliniangalia mimi, na wenzangu nao wakaniangalia mimi. Wiki ya kwanza tulipaka puani kwa heshima. Wiki ya pili iligundulika kwamba mafuta yale yanatoa rangi ya barabarani mikononi kuliko mafuta ya taa, na tena yananukia vizuri. Basi. Tangu siku hiyo kila jioni tulikuwa tunapanga foleni kwenye boksi, tunasugua mikono mpaka kwenye viwiko, tunanawa, tunakwenda zetu. Jua lenyewe wakati huo lilikuwa limeshakwenda zake. Chupa zilikwisha upesi hata dada wa usalama akatuandikia barua ya pongezi, kwamba hakuna kikosi kinachojikinga kama sisi. Nyapara aliibandika kwenye mlango wa kontena la vifaa, kimo cha macho.

Yupo pia mwenzetu mmoja ambaye sijawahi kukusimulia. Lori lilipokaribia kumchukua Kamba na bendera yake, nyapara aliamua kwamba kusimamisha mtu mbele ya magari ni ujinga, akatuagiza tutengeneze sanamu. Tukaunganisha mabomba, tukajaza ovaroli matambara, kichwa tukaweka mpira mkuukuu. Rangi ya uso niliichanganya mimi: nyeupe ya mistari na tone la njano. Wenzangu walipoiona walisema sanamu na mimi tumetoka tumbo moja, na siwezi kusema walikosea. Tukamwita Mkaguzi, kwa kuwa anashinda amesimama, mgongo umenyooka, akitazama wengine wakifanya kazi. Madereva wanapunguza mwendo na kumpungia mkono. Kuna bwana alishuka garini akamwuliza njia, hakujibiwa, akaja kulalamika kwa nyapara kwamba tumeajiri mtu mwenye dharau.

Sasa nije kwenye sikio. Ni la kushoto. Juu kabisa, pale unapokunjika ukingo wake, palitokea kigaga kidogo. Kikikauka kinabanduka, kinaacha damu kwenye taulo, halafu kinarudi. Kamba aliponiuliza nilimwambia nimekwaruzwa na bati. Alipouliza tena nikamwambia ni bati jingine. Hali ikawa hiyo miezi mitano.

Mwezi uliopita kampuni ilimleta daktari wa ngozi, mama mfupi mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, akawekewa meza ndani ya kontena. Nyapara alimwonyesha ile barua ya pongezi, kisha akamwonyesha chupa tupu, amezipanga kama vikombe vya ubingwa. Daktari alifurahi mno. Akaanza na Kamba. Aliigeuza mikono yake huku na huku, akasema katika kazi yake yote hajaona mikono laini namna hii kwa mtu wa barabarani. Halafu akatazama kisogo, akatazama mdomo wa chini uliopasuka. Akamwuliza mafuta yale huwa anapaka wapi. Kamba hajui kudanganya, ingawa hujaribu, akasema mikononi. Akaulizwa saa ngapi. Akasema jioni, kazi ikiisha. Daktari alivaa miwani ili amwangalie vizuri kama anatania.

Alitukusanya wote sita. Alisema jua linaharibu ngozi kidogo kidogo, siku ya mawingu pia, na ngozi nyeusi ina uvumilivu lakini nayo huchoka, wakati ngozi kama yangu haina uvumilivu hata chembe. Akasema kwanza ni kofia pana na mikono mirefu, halafu mafuta, na mafuta ni ya asubuhi kabla ya kutoka, yanarudiwa kila baada ya saa mbili, na yanafika shingoni, midomoni na nyuma ya masikio. Dada, nilikuwa nakusikia wewe tu. Nilijiona tena mlangoni na begi la shule, umeniinamisha kichwa unanipaka, na mimi nalia kwamba nitachelewa. Tofauti ni kwamba yeye hakunivuta sikio. Alilishika tu taratibu, akaniuliza lina muda gani hivi. Nikasema wiki mbili. Akaendelea kulishika. Nikasema miezi mitano.

Nilichomwa sindano ya ganzi, kikakatwa kipande kama ukucha wa kidole cha mwisho, kikapelekwa kupimwa. Nikasubiri majibu wiki tatu. Niliogopa, Dada. Nilikuwa nikipiga magoti kwenye lami nawaza mama atapangusa kioo gani nikiwa sipo. Katika siku hizo nilichora mshale uliopinda, wa kwanza katika maisha yangu, na nyapara aliupita kama hakuuona. Majibu yalitoka Ijumaa. Ilikuwa saratani, ndogo, haijaenda ndani, na siku hiyo hiyo hospitalini wameitoa yote. Natakiwa kuchunguzwa kila miezi mitatu. Neno hilo nimeliandika haraka ili nawe ulisome haraka, kisha urudie sentensi inayosema wameitoa yote.

Lililobaki ni gumu kuliko kisu cha daktari. Ile picha iliyo juu ya meza yako, yule aliyevaa kofia yako, si mimi. Ni Mkaguzi.

Siku niliyokuja kazini mara ya kwanza na kofia uliyonishonea, Mkaguzi alikuwa ameshasimama barabarani. Kofia ilikuwa na ukingo mpana kama sinia na kitambaa cha shingo nyuma. Gari lililojaa watu lilipita, wakacheka, mmoja akauliza kwa sauti kama narina asali. Wenzangu hawakucheka, walitazama pembeni, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Niliona aibu. Nilitaka kwa mara moja tu niwe mtu wa sita katika watu sita. Nikamvisha Mkaguzi, nikajiambia ni kwa muda mfupi, nikavaa kapelo kama wengine, ile isiyofika masikioni. Uliponiandikia kwamba huamini mpaka uone picha, nilimwomba Kamba ampige picha Mkaguzi akiwa ng'ambo ya barabara, nami nikakuandikia kwamba picha ni ya mbali kwa sababu ya usalama. Na lile la mafuta kutoa rangi mikononi, nilisema liligundulika. Niliyegundua ni mimi. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu ambaye maboksi yameletwa kwa ajili yake, nikaona afadhali yaishe kwa kazi ya wote. Kwa hiyo muda wote huu mama amekuwa akisalimiana na mpira.

Nilipotoka hospitalini nilikwenda moja kwa moja kwa Mkaguzi kuidai kofia. Ilibidi ning'oe misumari, maana tulimpigilia upepo usije ukaichukua. Wenzangu walikuja kusaidia, na ilipotoka tulisimama wote tukamtazama. Paji la uso na mashavu yalikuwa laini, rangi mbichi kama siku niliyompaka. Kidevu, kilichokuwa kinajitokeza nje ya kivuli, kilikuwa kimepasuka na kubanduka magamba. Ovaroli imepauka mikononi kote, lakini chini ya kitambaa cha shingo bado nyekundu. Kofia yako ilikuwa imechora mpaka ulionyooka kuliko uzi wa Kamba. Nyapara alijishika kisogo, akabaki amekishika hivyo mpaka tulipomaliza. Kesho yake boksi jipya la mafuta lilifunguliwa asubuhi, na siku hizi mikono tunaisafisha kwa mafuta ya taa, tunanuka kama zamani.

Ndani ya bahasha utakuta uzi wenye mafundo sita. Ni vipimo vya vichwa vyetu, cha nyapara ndicho kirefu kuliko vyote na ameniomba nisiseme. Tunaomba kofia sita, zenye ukingo ule ule wa sinia na kitambaa nyuma. Ile ya zamani imetobolewa na misumari, nitaivaa mpaka hizo zifike, halafu nitamrudishia Mkaguzi, ameshaizoea. Fundo la mwisho ni langu. Kichwa ni kile kile unachokijua, ila upande wa kushoto ukingo uongeze vidole viwili, kuna sikio pale limebaki fupi kuliko mwenzake na linahitaji kivuli zaidi.

Utakuta na picha nyingine, ya karibu, bandeji inaonekana. Sikusimama wima, na mabega ni haya haya uliyoyazoea. Hiyo ya ukutani usiishushe kwa hasira. Mwambie mama kwanza, kwa namna unayoijua wewe, kisha umwachie mwenyewe abadilishe. Nikija likizo nitainama mlangoni kama zamani, unipake mpaka uridhike, na sikio ukitaka kulivuta livute, ila shika la kulia.

Nisalimie shemeji na umwambie aachane na ngazi. Wasalimie wanao mmoja mmoja. Mama mbusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
yule wa nyama na damu.