Chaguo la Pili la Heloísa

Mtaa wa Kanisa Kongwe, Na. 48,
Caicó.
24 Februari 2024.

Mpendwa Dada Zulmira,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hilo goti linasemaje baada ya ile dawa mpya? Na shemeji Gilvan, jicho lake limetulia tangu alipopasuliwa? Sisi huku ni wazima. Mvua imenyesha mara nne, bwawa limepanda kidogo, na ng'ombe wa jirani wameacha kuonyesha mbavu. Presha yangu inakwenda na kurudi. Nimeizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji.

Umekwisha kusikia kwamba Heloísa amepata nafasi ya udaktari wa mifugo huko Recife. Hujasikia jinsi alivyokaribia kuikosa, kwa sababu mjukuu wangu hapendi kumsema babu yake. Nitajisema mwenyewe.

Enzi zetu mimi na wewe, ukitaka chuo, ulikwenda kufanya mtihani wa chuo hicho hicho. Siku hizi mtihani ni mmoja nchi nzima. Kisha, kwa siku nne za Januari, mtoto anaingia kwenye mtandao wa serikali na kuchagua nafasi mbili katika vyuo vya umma, ya kwanza na ya pili. Kila asubuhi mtandao unaonyesha alama ya chini ya kuingilia imefika wapi, na mtoto anaweza kubadilisha mawazo mpaka siku ya nne. Kwa miaka kumi na miwili nimekaa na wanafunzi katika chumba cha kompyuta cha shule nikiwafafanulia haya. Hakuna kipengele nisichokijua. Kumbuka hilo unapoendelea kusoma.

Kwanza nilimtengenezea jedwali la kulinganisha vyuo vya ukanda wetu. Nililichora kwenye karatasi kubwa ya manila: Patos, Mossoró, Recife. Nikatoa alama kwa wanyama wanaotibiwa, bweni, chakula cha wanafunzi, hali ya hewa na umbali. Patos, iliyo mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa, ikaongoza. Recife ikashika mkia.

Heloísa alilisoma taratibu, kalamu mkononi, kama nilivyomfundisha.

"Babu, Recife umeipa sifuri kwa hali ya hewa. Mvua imekuwa kosa?"

Nikamwambia kwamba mbuzi wa huku kwetu Seridó anaugua kiu na miiba, wala hayo hayafundishwi pwani. Kule atajifunza kutibu mbwa wa ghorofani.

"Mbwa wa ghorofani naye huumwa," akasema. "Na hii safu ya umbali umeihesabu mara mbili."

Ni kweli, niliihesabu mara mbili.

Nitakuwa mkweli, Dada. Patos ni chuo kizuri, na kwa mbuzi na ng'ombe wa nchi kavu ningempeleka mtoto yeyote huko bila wasiwasi. Lakini jedwali lile sikulichora kwa ajili ya mbuzi. Tangu Oktoba nilikuwa nikimsikia akicheka nawe kwenye simu kila jioni. Ulimwambia chumba cha uani huko kwako Recife umekipaka rangi, ukamtumia picha ya kitanda. Mtoto niliyemlea tangu ana miaka mitatu, mama yake, Marluce, alipokwenda kufanya kazi ya uuguzi mjini Natal, akaanza kusema "Shangazi Zulmira anaona hivi," akikuita kama mama yake akuitavyo, katika mambo ambayo zamani aliniuliza mimi. Niliona wivu, na wivu huo ulikuwa umezeeka. Mwaka 1971 baba alikuwa na uwezo wa kumsomesha mmoja Recife, akakupeleka wewe. Nilikubebea sanduku mpaka kwenye lori nikitabasamu. Halikuwa tabasamu.

Basi siku ya Jumatatu Heloísa akaweka Recife chaguo la kwanza, kisha akaniuliza kama kuweka Patos la pili kuna madhara. Nikajibu hakuna.

Madhara yalikuwepo. Mwenye kupata nafasi yoyote kati ya zile mbili, hata ya pili, haruhusiwi tena kuingia kwenye orodha ya kusubiri ya ile ya kwanza. Alama zake zilikuwa pungufu kidogo tu kwa Recife, kiasi ambacho orodha ya kusubiri humwita mtu. Kwa Patos zilizidi. Kwa hiyo Patos ingemkamata, Recife ingefungwa, na yeye angedhani ni bahati tu.

Jumanne nikanyamaza. Jumatano nikanyamaza. Alhamisi baada ya chakula cha mchana akaweka simu mbele yangu kwenye meza ya jikoni, ukurasa wa mwisho umefunguka.

"Bonyeza wewe, Babu. Wewe ndiye unayejua."

Kidole changu kilikataa. Nikamweleza kanuni yote, kwa sauti ya darasani, maana sikuwa na sauti nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua tangu Jumatatu?"

"Tangu Jumatatu."

"Kumbe unamwonea wivu Shangazi Zulmira."

"Tangu mwaka sabini na moja," nikasema.

Hakucheka. Akachukua simu, akafuta Patos, akaacha pengo mahali pake, akathibitisha. Siku mbili hakuniomba baraka, si asubuhi wala wakati wa kulala. Unajua nyumba yetu. Tangu enzi za mama hakuna mtoto aliyepita mlangoni bila kuomba baraka.

Majina yalipotoka, lake halikuwemo. Zikabaki wiki tatu za orodha ya kusubiri, bila Patos na bila chochote, na mwaka mzima ungeweza kupotea. Siku za mwanzo, Mungu anisamehe, sehemu yangu moja ilitaka asiitwe. Kisha nikaanza kumwona akifungua ukurasa ule kabla ya kunawa uso, akiufunga bila neno, akienda kuwamwagia kuku mahindi. Hapo nikataka aitwe kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote langu mwenyewe. Ameitwa Jumatano. Alinikumbatia kwanza mimi, kabla ya kukupigia. Nimeona vema ulijue hilo.

Atafika Jumamosi tarehe mbili, basi la asubuhi. Nilitaka kumsindikiza mpaka mlangoni kwako, akasema nimfikishe kituoni tu. Anabeba jibini mbili na nyama ya kukaushwa. Moja ya jibini ni yako. Yeye huwa hali kitunguu kibichi. Akinyamaza, usimuulize, mpe kazi.

Msalimie sana shemeji Gilvan. Marluce anakusalimu kutoka Natal na anakushukuru kuliko ninavyoweza mimi kwa sasa. Mtakatifu Ana akulinde wewe, goti lako, na kila atakayelala chini ya paa lako.

Neno moja la mwisho. Atakuuliza habari za utoto wetu, maana wewe unasimulia vizuri kunishinda. Msimulie. Ila ule mwaka wa ukame, tulipotembea na baba na punda mpaka Jardim, usimwambie. Huo niachie mimi, nipate cha kumpa akija likizo ya Julai.

Mdogo wako akupendaye hata akikuonea wivu,
Anselmo