Kwato za Pikipiki

Baba Elinaza,

Usifungue chungu. Nimekiziba tena kwa udongo na kuongeza kuni.

Asubuhi nilisikia harufu ya kwato, nikajua unanipikia supu, mimi niliyejifungua juzi. Nikamwambia mama yako, "Mama, mwanao ananipenda!" Kufunua chungu, nakuta mkaa na kwato zilizoungua, na katikati kile chuma chenye nundu cha pikipiki ya mchungaji Mjerumani, kilicholika ukakichonga upya. Kumbe unakipika na kwato kiwe kigumu! Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia kidogo.

~~Nimerudi kwetu Tengeru.~~ Niko kwa mama yako na mtoto.

Kwato zilizobaki nimezificha. Pikipiki imeshakula. Jioni unanipikia mimi.

Mama Elinaza